Asidi kwenye chakula cha kuku inapogoma: anza kutafuta hapa

Kuna simu naipokea karibu kila wiki, na maneno yake hayabadiliki sana: "Ile asidi uliyosema tuwape kuku haifanyi kazi. Mimi narudi kwenye OTC." OTC ni oksitetrasaiklini, antibaiotiki ambayo wengi huwapa kuku kila siku, na asidi niliwashauri ishike nafasi yake. Anayepiga anaweza kuwa Masasi, Nachingwea, Mingoyo au hapa hapa Mtwara mjini. Kazi yangu ni kuchanganya na kuuza chakula cha kuku, kwa hiyo kikiharibika kitu bandani lawama hupita kwangu kwanza. Nikienda kuangalia, mara nyingi naikuta asidi haina kosa. Ama imeliwa na kitu kingine kabla haijamfikia bakteria, ama imepewa kazi isiyo yake.

Nimeamua kuandika dalili moja baada ya nyingine, kwa sababu mtu anayerudi kwenye OTC ya kila siku hasara yake haiishii bandani. Mayai yale yanaliwa na watoto wa mtaa mzima. Bakteria aliyezoea dawa kwenye utumbo wa kuku anaweza kumfikia mtoto, na siku mtoto huyo atakapolazwa, dawa ileile itakuwa imepoteza makali. Sweden waliacha kuwapa mifugo antibaiotiki za kuwakuza mwaka 1986, Umoja wa Ulaya wote ukafuata tarehe 1 Januari 2006, na Marekani tangu 2017 hairuhusu zile zinazotibu binadamu zitumike kukuzia mifugo. Huko kote wafugaji walilazimika kujifunza upya usafi wa banda, ubora wa chakula, na hizi asidi.

Kabla ya dalili, ijue asidi yenyewe

Asidi za kikaboni tunazokutana nazo madukani si nyingi: fomiki, propioniki, laktiki, sitriki, asetiki (hii ndiyo iliyo kwenye siki) na butiriki, ile yenye harufu ya samli iliyochacha. Nyingi huuzwa zikiwa mchanganyiko wa mbili tatu, au zikiwa chumvi, kama kalsiamu propionati na sodiamu butireti.

Inavyofanya kazi ni hivi. Chembe ya asidi ambayo bado haijavunjika hupenya ukuta wa bakteria. Mle ndani hakuna uchachu, kwa hiyo asidi inavunjika na kumwaga uchachu wake humo humo. Bakteria anaanza kuusukuma nje, na kusukuma huko kunamla nguvu mpaka anashindwa kuzaana, wengine wanakufa. Salmonela na E. koli wanaumia sana. Laktobasili, ndugu zao wale wanaogandisha maziwa, wamezoea uchachu na wanabaki kumlinda kuku.

Sasa fuata njia ya chakula. Kwenye gole, kile kifuko cha shingoni, pH (kipimo cha uchachu: namba ikishuka, uchachu unazidi) huwa kati ya 4.5 na 6 hivi. Kwenye firigisi inashuka hadi 2 au 3. Kwenye utumbo mwembamba inapanda tena mpaka 6 na 7. Asidi ya fomiki ikiwa kwenye pH 4, zaidi ya theluthi yake bado haijavunjika na ina uwezo wa kupenya. Kwenye pH 6, isiyovunjika haifiki hata 1%. Kwa hiyo asidi ya kawaida kazi yake iko kwenye chombo cha maji, kwenye chakula, kwenye gole na kwenye firigisi. Ni mlinzi wa getini. Ukitaka asidi ifike chini utumboni, tafuta iliyovikwa mafuta, hasa butiriki, ambayo pia ni chakula cha seli za ukuta wa utumbo. Hiyo bei yake iko juu na sioni sababu ya mwenye kuku hamsini kuikimbilia kabla hajarekebisha maji.

Umetia kwenye maji, hakuna kilichobadilika

Hapa ndipo penye kesi nyingi kuliko zote. Naanzia hapa hata kama mfugaji ananiapia kwamba tatizo liko kwenye chakula.

Mama mmoja wa Mikindani alikuwa na broila mia tatu. Mwezi mzima alitia vijiko viwili vya chai vya siki ya dukani kwenye kila ndoo ya lita 20. "Mwanangu," akaniambia, "nimemaliza chupa kwa chupa, nao wanaharisha vilevile." Nikamwomba ndoo moja ya maji yale yale ya kisima. Karatasi za pH nilikuwa nazo. Maji matupu yalisoma karibu na 8, rangi ya kijani iliyokolea. Tukatia vijiko vyake viwili, tukakoroga kwa mwiko, tukachovya karatasi nyingine: kijani kilififia kidogo tu. Nikaendelea kumimina kwa kikombe cha kupimia, kidogo kidogo, kila mara tunachovya. Rangi ilisita pale pale muda mrefu. Kisha, siki ilipokaribia nusu lita, ikaingia njano na kuelekea chungwa. Halafu nikaomba ndoo ya maji ya mvua aliyokinga kutoka kwenye bati. Kijiko kimoja tu, na karatasi ikageuka mbele ya macho yake. Akaishika ile karatasi akaiangalia upande huu na upande huu. "Kumbe siki yangu yote nilikuwa nalisha jiwe."

Ndivyo ilivyokuwa. Visima vingi vya ukanda wetu wa pwani vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, na matumbawe ni chokaa. Maji yanayopita humo hubeba bikaboneti, na bikaboneti huimeza asidi kabla pH haijashuka. Hesabu yake haina siri. Maji yenye ukali wa chokaa wa miligramu 300 kwa lita yanahitaji takriban mililita 20 za siki ya 5% kwa kila lita ili yafike pH 4.5. Ndoo ya lita 20 inameza mililita 400. Vijiko viwili vya chai ni mililita 10.

Kwa hiyo usinakili kipimo cha rafiki yako wa Newala au wa Dar es Salaam, maana maji yake si maji yako. Pima mwenyewe: ndoo ya lita 20, asidi kwenye bomba la sindano lisilo na sindano, ongeza mililita moja, koroga, subiri dakika, chovya karatasi. Simama ukifika kati ya 4 na 4.5. Andika ukutani kwa mkaa idadi ya mililita ulizotia, hicho ndicho kipimo cha banda lako. Asidi ya fomiki ya 85%, kwa maji kama yale ya mfano wangu, itahitaji mililita 6 au 7 hivi kwa ndoo ili yafike pH 4.5. Asidi kali namna hiyo inaunguza ngozi na macho, kwa hiyo vaa glavu na miwani, watoto wakae mbali, na siku zote mimina asidi ndani ya maji. Usimimine maji ndani ya asidi.

Ukiona kisima chako kinameza asidi nyingi mno, usibishane nacho. Kinga maji ya mvua kuanzia Desemba mpaka Aprili na uyatumie kwa vifaranga wa wiki mbili za kwanza, hao ndio wanaonufaika zaidi kwa sababu matumbo yao bado hayajakomaa kutengeneza uchachu wa kutosha. Kuku wakubwa wape asidi kupitia chakula. Na upime upya kila msimu, kwa kuwa kisima cha Machi na kisima cha Oktoba havitoi maji ya namna moja.

Kuku wamesusa maji au wamepunguza kula

Hii ni kinyume cha dalili iliyotangulia. Mfugaji alisoma kwamba asidi ni nzuri, akazidisha. Maji yakishuka chini ya pH 4 kuku wengi huyakataa, na kwa joto letu la Januari kuku asiyekunywa asubuhi anaweza kufa alasiri. Mwaga maji hayo, wape maji matupu ya baridi mara moja, kisha kesho yake anza tena na kipimo kidogo.

Sababu ya pili ni harufu. Butiriki isiyovikwa inanuka vibaya, na kuku waliozoea chakula cha siku zote wanaweza kuchambua na kuacha kwa siku mbili tatu. Ianzishe kwa robo ya kipimo, upande taratibu ndani ya wiki.

Sababu ya tatu huwa inasahaulika: asidi haikuchanganyika. Mtu anamwaga dumu juu ya gunia la kilo 50, anageuza kwa koleo mara tatu, anasema tayari. Sehemu moja ya chakula inakuwa kali, nyingine haina kitu. Changanya kwanza na kilo tano za pumba mpaka rangi na unyevu viwe sawa kila mahali, ndipo pumba hizo zisambazwe kwenye gunia zima. Nafanya hivi hata kwenye mashine yangu, ingawa ina mkono wa kugeuzia.

Bado wanaharisha

Hapa ndipo asidi inapopewa kazi isiyo yake. Kabla hujasema imeshindwa, chukua kipande cha boksi, ukiweke chini ya kuku usiku, na asubuhi ukiangalie kinyesi kwa macho yako. Neno "wanaharisha" halitoshi.

Kinyesi chenye damu, kuku wa wiki tatu hadi sita wamekunja mabawa: fikiria koksidia. Huyu si bakteria, ni kimelea wa utumbo, na mayai yake yana ganda gumu ambalo asidi ya kiwango cha chakula hailigusi. Anatibiwa kwa dawa yake, kama amproliamu, na anazuiwa kwa kutandika maranda makavu. Angalia chini ya vyombo vya maji. Nikishika maranda ya hapo, nikayaminya na yakashikamana kama donge la ugali, sihitaji kuuliza zaidi. Na dawa za salfa usizitie kwenye maji yenye asidi, zinaganda na kuzama chini ya chombo, kuku wanakunywa maji matupu huku wewe ukiamini unawatibu.

Kinyesi cha kijani, kuku wanakohoa, shingo zinapinda, vifo vinaruka kutoka banda hadi banda: hicho ni kideri (mdondo) mpaka maabara iseme vinginevyo. Ni kirusi. Hakuna asidi wala antibaiotiki inayokitibu. Kinga yake ni chanjo, na kwa kuku wetu wa kienyeji ile ya matone ya jicho ya I-2 kila miezi mitatu imeokoa vijiji vizima kwa sababu inavumilia joto la njiani kuliko nyingine.

Kinyesi cheupe cha majimaji kwa vifaranga wa wiki tatu hadi sita, wakidonoa makalio yao wenyewe: fikiria gumboro, nayo ni kirusi. Lakini vifaranga wa siku chache walioziba makalio kwa kinyesi cheupe kama chokaa ni jambo jingine. Hao mara nyingi walikuja na Salmonela kutoka kwa mama, ndani ya yai. Mlinzi wa getini hana la kufanya kama mwizi alizaliwa ndani ya nyumba. Badilisha unakonunulia vifaranga, na uulize kama kuku wazazi wamepimwa.

Kinyesi cha rangi ya chungwa chenye utelezi na punje za chakula ambazo hazijasagika, broila wa wiki ya tatu au ya nne, na kila asubuhi unakuta wawili watatu wamekufa wakiwa wamenona: hapa naogopa klostridia, wale wanaokula ukuta wa utumbo. Kwa kawaida koksidia ametangulia kuujeruhi. Halafu huku kwetu kuna kichocheo tunachokiweka wenyewe: dagaa. Chakula chenye dagaa wengi mno hupeleka chini utumboni protini isiyoyeyuka, na klostridia wanaishi kwa hiyo. Nimeshuhudia mfugaji wa Lindi akipunguza dagaa na kuweka mashudu ya ufuta na soya, na banda likatulia pamoja na matibabu aliyoandikiwa na daktari wa mifugo. Nasema pamoja na matibabu, kwa sababu banda likishafika hapo, asidi peke yake imechelewa.

Kinyesi cha maji tu, hakina rangi ya ajabu, kuku wachangamfu lakini maranda yameloa: hebu lamba dagaa wako. Dagaa wa pwani hukaushwa kwa chumvi, na huja na mchanga wa bahari. Ukiwaweka kwenye chakula, halafu ukaongeza chumvi kama kitabu kinavyosema, kuku wanakunywa kupita kiasi na kinyesi kinakuwa maji. Ondoa chumvi ya kuongeza, usibadilishe asidi. Joto nalo linaleta kinyesi cha namna hii mchana, na jioni kinarudi kuwa kizuri.

Kuku wa mayai: asidi kwenye chakula haionekani kufanya kazi, na maganda yamelainika

Chakula cha kuku wa mayai kina kalsiamu ya 3.5 hadi 4%, ambayo ni chokaa ya kilo 80 hadi 100 kwenye kila tani. Chokaa ile ile iliyokuwa inameza siki ya mama wa Mikindani, hapa umeiweka kwa mkono wako. Ikiwa ya unga laini ndiyo mbaya zaidi, maana unga hugusana na asidi upesi.

Ninachoshauri ni kugawa chokaa. Sehemu ibaki kwenye chakula, na nyingine uiweke pembeni kwenye chombo chake jioni, ikiwa maganda ya chaza yaliyopondwa kwa ukubwa wa punje za mtama. Fukwe zetu zina maganda haya, yaoshe chumvi, yaanike, yaponde. Kuku anajua anachohitaji, na vipande vikubwa hukaa kwenye firigisi vikiyeyuka polepole usiku kucha, saa zile ganda la yai linapojengwa. Asidi inapata nafasi ya kufanya kazi kwenye chakula cha mchana, na ganda linaimarika.

Ganda laini lenyewe wengi wanailaumu asidi. Kabla ya kuilaumu, tazama kuku saa nane mchana. Wakitweta huku midomo iko wazi, wanatoa hewa chafu nyingi kuliko kawaida, na damu yao inapungukiwa na malighafi ya kutengenezea ganda. Hapo dawa ni kivuli, bati lililopakwa rangi nyeupe au kufunikwa makuti, na upepo wa kusi upite bandani bila kuzuiwa na turubai.

Chakula kimeota ukungu na kilikuwa na asidi

Mwezi Mei 2024, Kimbunga Hidaya na mvua zake zilipokata barabara ya Dar es Salaam upande wa Kilwa, magunia mengi ya chakula yalikaa njiani. Yaliyofika yalikuwa yameloa chini. Watu wakaniletea wakiuliza kama wanaweza kunyunyizia asidi na kuwalisha kuku. Jibu langu lilikuwa hapana, na leo ni hapana vilevile.

Propioniki na chumvi yake ya kalsiamu huzuia ukungu usiote. Hilo wanalifanya vizuri. Lakini sumukuvu ambayo ukungu umeshaiacha ndani ya mahindi haiondoki kwa propioniki, haiondoki kwa jua, wala kwa kupepeta ukungu ukabaki unga mweupe. Kuku anayeila anadumaa, ini linapauka na kuvimba, chanjo hazimshiki. Bata wakila ndio wanatangulia kufa. Mahindi ya namna hiyo yafukie. Inauma, najua bei ya gunia.

Angalia pia kama asidi uliyotumia inahusika na ukungu hata kidogo. Fomiki ni kali kwa bakteria, lakini kwa ukungu propioniki ndiyo yenyewe. Sitriki hapo haina msaada wa maana.

Na hakuna asidi inayoweza kufidia mahindi mabichi. Yapime kabla ya kununua, na kipimo unacho jikoni. Chukua chupa kavu ya glasi yenye kifuniko, tia mahindi mpaka robo, ongeza vijiko vya chumvi iliyoanikwa juani ikakauka kabisa. Funga, tikisa dakika mbili, iache itulie. Chumvi ikishuka chini na kuacha kioo kisafi, mahindi yako chini ya 15% ya unyevu. Ikiganda kwenye kuta za chupa kama vumbi kwenye kioo cha gari, mahindi hayo bado mabichi kwa kuhifadhi. Kwa ghala la Mtwara, ambako hewa yenyewe ni ya chumvichumvi na unyevu, mimi sitosheki mpaka yafike 13%, na hapo nakwenda kukodi mashine ya kupimia. Makopa ya muhogo yanahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu kopa linaweza kukauka nje na katikati likabaki bichi. Livunje. Likipinda badala ya kukatika, lirudi juani.

Umechachusha chakula nyumbani, kuku wamevimba gole

Wenye kuku wachache huniuliza kama lazima wanunue dumu. Si lazima. Pumba za mahindi zikilowekwa kwenye maji safi kwa siku moja hadi mbili kwenye ndoo ya plastiki iliyofunikwa, laktobasili wanatengeneza asidi ya laktiki wenyewe, kama kwenye uji mchachu. Karatasi ikisoma chini ya 4.5 na harufu ikawa ya uchachu mtamu, umepata asidi bila kutoa shilingi.

Balaa linaanza chakula kikikaa. Kilichobaki kwenye kihori mpaka kesho yake kwenye joto hili huingiwa na hamira na ukungu. Kuku wanavimba gole, limelegea kama mfuko wa maji, na ukimwinamisha mdomo unatoa harufu ya pombe. Ukimpasua aliyekufa unakuta utando mweupe ndani ya gole. Hiyo ni kandida, fangasi anayeustahimili uchachu, kwa hiyo kuongeza siki si tiba. Humpata zaidi kuku aliyepewa antibaiotiki muda mrefu, kwa sababu zimewaua laktobasili waliokuwa wakimzuia. Acha chakula cha kuchachusha, osha vihori, wape kikavu, na umwone mtaalamu wa mifugo kwa dawa ya fangasi. Ukirudia, loweka kiasi ambacho kuku watakimaliza kihorini ndani ya saa nne tu.

Machicha ya nazi nayo huulizwa sana, kwa kuwa watu wamesikia kwamba nazi ina asidi ya lauriki inayowaumiza klostridia. Ni kweli asidi hiyo ni karibu nusu ya mafuta ya nazi. Lakini ndani ya mafuta imefungwa, si huru kama ile inayouzwa kwa kazi hii. Machicha ni chakula kizuri kwa kiasi, usiyahesabu kuwa ni kinga.

Vyombo vinaliwa kutu, mabomba yana utelezi

Asidi na bati ni maadui. Hamisha maji kwenye vyombo vya plastiki. Utelezi ndani ya mabomba ya chuchu unaweza kusababishwa na asidi dhaifu inayopita humo kila siku, kwa kuwa hamira na fangasi huifanya chakula. Baada ya kila kundi la kuku safisha mabomba kwa haidrojeni peroksaidi, suuza, na katikati ya malezi wape siku mbili tatu kwa wiki za maji matupu. Klorini usiichanganye na asidi kali kwenye chombo kimoja kabla ya kuyeyusha, inatoa gesi inayoua.

Chanjo haikushika

Chanjo hai ya kwenye maji huuawa na asidi kama inavyouawa na klorini. Acha asidi siku mbili kabla ya chanjo na urudishe siku mbili baadaye. Siku yenyewe yeyusha gramu 2.5 za maziwa ya unga yasiyo na mafuta kwa kila lita, nusu saa kabla ya kutia chanjo, na maji yaishe ndani ya saa mbili. Chanjo ya tone la jicho haiguswi na jambo hili.

Umeacha antibaiotiki ghafla, vifo vimepanda

Hapa sitamlaumu mfugaji hata kidogo. OTC ya kila siku ilikuwa imefunika mambo mengi: maranda mabichi, vifaranga wabovu, kuku kumi na watano kwenye mita moja ya mraba. Ulipoitoa, yote yakaonekana kwa pamoja. Asidi ikabebeshwa mzigo wa hayo yote.

Usirudishe dozi ndogo ya kila siku. Kuku wakiugua kweli watibiwe, kwa dawa ya daktari wa mifugo, dozi kamili, siku kamili, na siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo ziheshimiwe kabla ya yai au nyama kwenda sokoni. Kundi linalofuata lianze upya: banda lipumzike wiki mbili likiwa limeoshwa na kupakwa chokaa, idadi ipungue, maji ya pH 4 hadi 4.5 kwa vifaranga siku kumi na nne za kwanza, maranda yageuzwe kila asubuhi.

Na vifo vikiendelea, usikisie. Maabara ya TVLA, Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania, ipo hapa Mtwara. Chukua kuku aliyekufa muda si mrefu, au mgonjwa aliye hai, mfunge kwenye mifuko miwili ya plastiki, mweke kwenye ndoo yenye barafu. Usimgandishe kwenye friza, nyama ikiganda mtaalamu hasomi tena vidonda vya utumbo. Chukua pia kikombe cha chakula na chupa ya maji kutoka kwenye chombo wanachonywea, si kutoka bombani. Andika kwenye karatasi umri wao, chanjo na tarehe zake, aina ya asidi na mililita ulizotia, na antibaiotiki ya mwisho waliyokunywa, hata kama unaona aibu kuitaja.